Miaka 25 Bila Kupima Sauti: Hotuba ya Katibu wa Kwaya





Majina ya viongozi tangu mwanzo mtayapata kwenye taarifa ya mwenyekiti. Mambo ya pesa tumemwachia mweka hazina, ambaye ana ujasiri kuliko sisi. Ofisi ya katibu imebaki na madaftari ya mahudhurio na ya mikutano, na hayo ndiyo tuliyoyapitia usiku mwingi tukijiandaa kusimama hapa. La kwanza limeliwa na mchwa pembeni, lakini bado linasomeka.

Kwaya hii ilianza mwaka wa Jubilei Kuu, 2000, na leo tumekutana tena ndani ya Mwaka wa Jubilei. Katika madaftari yote ya miaka hiyo hakuna ukurasa hata mmoja unaoonyesha kwamba mtu alisimamishwa mbele ya kinanda akaambiwa, "Imba tukusikie." Ukurasa wa pili wa daftari la kwanza una sheria moja kwa bolpeni ya bluu: anayetaka kuimba aje Jumamosi saa nane. Tungependa kuwaambia wageni wetu kwamba hiyo ilikuwa hekima kubwa ya waanzilishi. Ukweli ni kwamba walikuwa watu kumi na mmoja, wanne kati yao wa familia moja, na walihitaji mtu yeyote mwenye mdomo.

Basi wakaja wenye sauti na wasio na sauti. Wakaja walioimba kwenye Tamasha la Muziki wakiwa shuleni, na wakaja ambao tangu darasa la kwanza mwalimu aliwaambia wafungue midomo tu wasitoe sauti, wasiharibu wimbo. Hao wa mwisho ni wengi kuliko mnavyodhani. Sisi tulio walimu tunaomba radhi kwa niaba ya kazi yetu.

Kwaya nyingine zimetuuliza mara kwa mara tunavyoendesha jambo hili bila Misa kuharibika. Tutaeleza, kwa kuwa si siri.

Mtu mpya akija hatumuulizi kama anajua kuimba. Tunamuuliza jina, jumuiya yake na nambari ya simu, kisha tunamkalisha katikati ya watu wawili. Hao wawili tunawaita majirani. Ni watu walioshika sauti yao vizuri na wasiopiga kelele, kwa maana mwimbaji hodari anayepiga kelele hafai kuwa jirani wa mtu. Kwa Jumamosi tatu mgeni hatakiwi kuimba. Anasikiliza, na akijisikia kufungua mdomo, afungue. Tumeona kwamba wengi wanaosemekana hawana sikio la muziki hawajawahi kukaa karibu na mtu anayeimba noti moja kwa utulivu hadi waisikie. Ndani ya kanisa mtu amezungukwa na sauti mia moja zinazokwenda huku na kule, na spika imewekwa juu ya kichwa chake. Atamfuata nani?

Wako wanaoimba noti ileile tangu wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho. Kwa hao mwalimu wetu wa kwaya ana njia yake, na tangu tumjue hajawahi kuibadilisha. Hapigi kinanda na kumwambia mtu, "Nifuate." Anamwambia aimbe "aa" popote sauti yake ilipo, kisha mwalimu ndiye anayemfuata. Anashuka au kupanda hadi sauti zao zikutane. Hapo yule mtu husikia kitu kipya, kwamba sauti yake na ya mwenzake zimekuwa moja, na wengi hucheka kwa mshangao. Ndipo mwalimu husogea ngazi moja, kutoka do kwenda re, akamngoja. Ngazi moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, na nyingine mahindi yakishavunwa. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili aliyetoka do na kufika so kati ya Kwaresima na Majilio. Leo mwalimu akiwa hayupo ndiye anayeishika sauti ya pili nzima. Chuoni tulifundishwa kwamba somo lianze na kile mwanafunzi anachokijua tayari, tukaandika hivyo kwenye mtihani na kupata alama. Kwa mwalimu huyu, ambaye hakusoma chuo chochote cha muziki, ndipo tulipoona maana yake.

Nota zetu ni za solfa, ubaoni. Vijana wetu hutuambia kwamba solfa ni ya kizamani, na kwamba kwaya za maana husoma mistari mitano. Tumewaambia, na tunarudia leo mbele ya wageni, kwamba solfa iliundwa kwa ajili ya watu kama sisi. Aliyeianzisha ni mwalimu mwanamke wa Norwich kule Uingereza, Sarah Glover. Aliyeieneza kuanzia miaka ya 1840 ni mchungaji John Curwen, ambaye alitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili na watu wa kawaida wasio na pesa za masomo ya muziki. Wamisionari wakaja nayo Afrika, ikaingia shuleni. Tangu Tamasha la Muziki la Kenya lianze mwaka 1927, vizazi vya wanafunzi vimejifunza nyimbo hivyo, mwalimu na kijiti mkononi mbele ya ubao wa do, re, mi. Haina aibu yoyote.

Hata hivyo tuna wenzetu ambao solfa pia hawaisomi, wengine kwa sababu ya macho na wengine kwa sababu hawakupelekwa shule. Hao hufunzwa kwa mdomo, na hapa tuna utaratibu ambao wageni hudhani ni makosa: tunaanza na besi. Ukianza na sauti ya kwanza, watu wote wataukamata ule mwendo, na kuwatoa hapo ni kama kumtoa mbuzi kwenye mahindi. Tukishawaweka wanaume wa besi mahali pao, sauti ya tatu inawajia juu, kisha ya pili, na akina mama wa sauti ya kwanza wanaingia mwisho, wakiwa wamenuna kidogo kwa kungoja. Baadaye katibu hurekodi kila sauti peke yake kwa simu na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp. Asiye na simu ya aina hiyo anasikilizia kwa jirani yake. Ndiyo maana tunasisitiza kila mtu awe na jirani.

Jambo lingine ni mahali pa kuanzia wimbo. Watunzi wengi huandika kwa ajili ya sauti zilizozoezwa. Sisi tunashusha. Kama kitabu kinasema do iwe F, nasi tukiona akina mama shingo zimetoka mishipa, tunaiweka D na maisha yanaendelea. Mpiga kinanda alilalamika miaka miwili ya kwanza. Siku hizi anabonyeza kitufe kwenye kibodi, na stima ikipotea tunaimba bila yeye.

Sasa tufike kwenye mambo ambayo hatukuyafanya vizuri, kwa kuwa jubilei si siku ya kujisifu tu.

La kwanza ni sare. Tulipokuwa tukipitia madaftari tuligundua kitu ambacho hakuna mkutano uliowahi kukizungumzia. Kila mara kamati ilipotangaza kitenge kipya cha kununuliwa Eastleigh na kushonwa, mwezi uliofuata kuna majina yanapotea. Hawakuaga, wala hawakusema wamekosa pesa. Mtu anakosa Jumamosi moja, anakosa ya pili, halafu mbele ya jina lake panabaki nafasi tupu hadi mwisho wa daftari. Sisi tulikuwa tukiandika "hayupo" kwa mwandiko mzuri. Tulijisifu kwamba mlango wa kwaya uko wazi, kumbe tumeisimamisha sare mlangoni. Tulipoona hivyo tulipeleka jambo kwa kamati, na ndiyo sababu leo mnatuona katika majoho haya. Ni mali ya kwaya. Yanakaa kwenye kabati la sakristia. Unavaa, unaimba, unarudisha. Ukihama parokia, joho linabaki. Wanaotaka kushona vitenge vyao kwa sherehe wanashona, lakini haviingii kwenye sheria. Yapo malalamiko kwamba majoho hayakai vizuri kwa wembamba. Tumeyasikia.

La pili ni refu zaidi, na tunaomba mtuvumilie.

Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa Julai, masharti mnayakumbuka: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Kwa siku moja tulipoteza wazee wetu wote na watoto wetu wote. Katika wale 100, kwaya ilipewa nafasi nane. Mwenyekiti na mwalimu wakachagua wanane, wawili kwa kila sauti, waliokuwa hodari. Sisi tunaowasomea hotuba hii tulikuwa miongoni mwao, na hatukukataa.

Wapendwa, tukubali kwamba ilikuwa tamu. Kila mmoja alikuwa na maikrofoni yake. Wimbo ulishikwa kwa mazoezi mawili. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeimba mbele ya wenzake wala nyuma yao. Kijana mmoja aliturekodi kwa simu akaweka Facebook, na ndugu zetu walioko kazini Qatar wakatuandikia kwamba walilia. Watu walitusimamisha sokoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya kwaya hii tuliitwa kwaya nzuri bila mtu kuongeza neno "lakini".

Masharti yalipolegezwa na wengine walipoanza kurudi, likaja pendekezo. Limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano: wale wanane waendelee kuwa kikosi cha Misa ya pili, Misa yenye watu wengi, na wengine wote waimbe Misa ya asubuhi na ibada za jumuiya. Mkutano ulikuwa Jumamosi ya mvua. Mvua ilipiga mabati hata tukawa tunapigiana kelele, na tusingesema zilikuwa kelele za mvua peke yake.

Hoja ya waliotaka kikosi haikuwa ya kiburi, nasi tusiwasingizie. Walisema Mungu hatolewi mabaki. Abeli alitoa wanono wa kundi lake. Kama tuna sauti nzuri, kwa nini tuzifunike kwa sauti zinazokosea? Walisema pia kwamba Mkristo anayekuja Misa amechoka na wiki nzima ana haki ya kusikia wimbo uliotulia. Nusu ya wanane tuliona hoja hiyo ina uzito, na baadhi yetu tunaiona na uzito hadi leo.

Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye si msemaji, akauliza swali. Wimbo wa komunyo tulioimba kwa miezi ile, ule mpya, nani nje ya wale wanane anaujua? Tukatazamana. Akauliza tena kama tuliwahi kuwasikia waumini wakiuitikia. Tukasema walikuwa na barakoa. Akasema barakoa haizuii mtu kuimba wimbo anaoujua.

Ilikuwa kweli. Kanisa lilikuwa limenyamaza kutusikiliza, nasi tukachukulia kimya kile kuwa sifa. Kabla ya korona wimbo mpya ulikuwa ukikamatwa na waumini kwa wiki tatu au nne, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa tunajua. Yule mzee asiyeshika wimbo haraka huuimba nyumbani wiki nzima. Anauimba akikamua ng'ombe na akichuma kahawa, anakosea, anarudia, anamuuliza mjukuu sehemu inayopanda. Kufikia Jumapili nyumba yake yote inaujua, na jirani wa ng'ambo ya ua pia. Sisi tulio wepesi wa kushika tunaimba mara mbili kwenye mazoezi, tunafunga faili, na nyumbani kwetu hakuna aliyesikia kitu. Wimbo ulikuwa ukitoka kwaya kwenda kwa waumini kupitia kwa wale tuliowaona ni mzigo, nasi tulikuwa tumeufunga mfereji huo kwa jina la ubora.

Katekista akakumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kulisema jambo hili katika hati yake kuhusu Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 114: kwaya ziendelezwe kwa bidii, na papo hapo wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanashiriki katika kuimba kama inavyowastahili. Hayo mawili yamewekwa katika sentensi moja. Tuliwahi kusomewa kifungu hicho kwenye semina, tukakipigia makofi na kwenda kula chakula.

Mwalimu wa kwaya hakutoa hotuba. Alitoa simu yake akacheza ile rekodi ya Facebook, kisha akaenda kwenye kinanda akatafuta noti ya mwanzo na noti ya mwisho. Tulikuwa tumeanza do kwenye G, tukamaliza karibu na F. Wanane hodari, kila mmoja na maikrofoni, tumeshuka karibu ngazi nzima. Kwa miaka mingi tulikuwa tukisema kwamba wazee ndio wanaovuta wimbo chini. Hapo wazee hawakuwepo. Watu walicheka sana, na sisi wanane tulicheka kwa kuchelewa.

Kura zikapigwa. Pendekezo la kikosi lilishindwa kwa kura tatu. Wawili kati ya wale wanane walihamia kwaya nyingine katika mwaka uliofuata, mmoja wao akiwa mwimbaji wetu bora wa zaburi, na hatujapata wa kujaza nafasi yake. Hatutawadanganya kwamba hatumkosi. Kila Ijumaa Kuu tunamkosa. Katika mashindano ya kwaya za parokia jirani hatujawahi kuvuka nafasi ya nne, na mwaka mmoja tulikuwa wa mwisho. Mwamuzi aliandika kwamba tuna furaha nyingi. Wanaojua lugha ya waamuzi wanaelewa.

Kura ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kuwarudisha watu. Tulidhani tukitangaza kanisani kwamba kwaya ni ya wote kama zamani, wote watarudi. Walirudi watoto na wazee wachache. Tukagawana nyumba, watatu watatu, kama watu wa jumuiya wanaokwenda kuwaona wagonjwa.

Sisi tulitumwa kwa mzee mmoja wa besi. Wengi mnamfahamu, ameketi pale mstari wa nyuma, na ametupa ruhusa ya kusimulia mradi tusimtaje jina. Katika miezi ile ya masharti, umri ulipomkataza kuingia, alikuwa akija kila Jumapili na kuketi nje kwenye benchi, chini ya mti, akisikiliza kupitia spika. Tulijua yuko pale. Tulikuwa tukimpungia mkono tukipita na mafaili yetu.

Alitukaribisha, mke wake akatuletea chai na nduma. Tukamwambia kwaya inamngoja. Akasema, "Nyinyi mliimba vizuri sana. Nilikaa nje nikasikia kila neno. Nikaona kumbe miaka hii yote sikuwa nikisaidia." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya maziwa. Mmoja wetu alianza kumwambia kwamba hapana, mzee, sauti yako ni nzuri, naye akamkatiza kwa upole. Anajua sauti yake ilivyo. Tukanyamaza, tukanywa chai.

Mwalimu alikuwa amekuja na karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika besi nyingine ya wimbo wa Mtakatifu, besi yenye noti mbili tu, do na so, na palepale mezani akamweleza ni wakati gani wa kutoka moja kwenda nyingine. Noti hizo mbili mzee anazo tangu zamani, tena ni imara kuliko za mtu yeyote katika kwaya. Shida yake ilikuwa zile za katikati. Mzee aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitabu cha sala na kusema ataangalia.

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Alikuja Jumamosi ya tatu, amechelewa, akaketi mahali pake bila kusema kitu, na majirani wake wakasogea. Tangu siku hiyo mwalimu huandika besi mbili kwa kila wimbo, ile ya kitabu na ile ya noti chache. Sasa hata vijana waliovunja sauti juzi huanza nayo, kwa maana koo zao bado hazijui zimelala wapi. Mtaisikia leo katika wimbo wa matoleo. Ile sauti nzito inayokaa chini bila kuyumba wakati sisi wengine tunapanda na kushuka ni watu saba, na wakubwa kati yao wana miaka sabini na kitu. Mwalimu anasema tangu waanze, wimbo haushuki tena kama zamani, kwa sababu tuna mahali pa kurudia.

Si wote waliorudi. Kuna mama wa sauti ya kwanza aliyekuwa nasi tangu mwaka wa pili wa kwaya. Tulikwenda kwake mara nne. Alitupokea vizuri mara zote nne, akatupa ndizi za kubeba, na hakurudi. Anasali Misa ya asubuhi, anakaa karibu na mlango. Mara ya mwisho alituambia kwamba hana kinyongo ila amezoea kukaa. Kila Januari tunapofungua daftari jipya tunaandika jina lake mahali palepale, kati ya majirani wake wawili, na mbele yake tunaacha nafasi.

Tunamaliza kwa matangazo, maana katibu hawezi kusimama bila matangazo.

Waimbaji wa zamani waliokuja leo, tafadhali msiondoke kabla ya kupita kwenye meza iliyo kando ya sakristia mkaandike majina na namba zenu za simu. Wimbo wa shukrani utaimbwa na wote, wa zamani na wa sasa. Maneno yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na besi zote mbili zimeandikwa. Majoho yarudishwe kabatini kabla ya chakula, si baada ya chakula, tunawaomba kwa heshima zote. Wanaosaidia kuosha sufuria wamwone mwenyekiti wa akina mama.

Mazoezi ya nyimbo za Krismasi yanaanza Jumamosi ijayo saa nane mchana, humu humu kanisani. Ni wakati wa kahawa na tunajua wengi mtachelewa. Njooni hata mkiwa na vikapu. Anayekuja kwa mara ya kwanza amtafute mtu aliyesimama mlangoni na daftari. Atakuuliza jina, jumuiya yako na namba ya simu, kisha atakuonyesha pa kukaa.